Neno la Herufi Tano

Juni, Bulongwa. Jalidi imelala juu ya kabichi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.
Kidato cha Pili B wamevuta mikono ndani ya masweta,
watoto arobaini na mmoja wasio na viganja,
nami naandika ubaoni neno la Kiingereza,
herufi tano, chaki ikilia.

"Maana yake?"
"Peke yake," anasema Atilio Sanga.
"Peke yangu," anasema mwingine, kwa kuogopa kukosea.
Nawaambia: hili halina yake wala yangu.
Halibadiliki kwa mimi, kwa wewe, wala kwa wao.
Tena lina masharti: halitangulii jina.
Huwezi kulipachika mbele ya mtu likatulia;
hungoja sentensi imalize kula
ndipo lije kukaa mwishoni, karibu na mlango.

Sikuwaambia ninavyolijua.
Nyumba ya mwalimu, vyumba viwili, bati moja linalogonga.
Oliva amehamishiwa Mafinga tangu Januari;
bado namenya viazi vya watu wawili,
vile vyake navila asubuhi, vimepoa.

Nikageuka kumkanya aliyekuwa akicheka
na mkono wa koti ukafuta herufi mbili za mwanzo.
Tatu zilizobaki zikasomeka: moja.
Miaka kumi na mmoja nafundisha, sikuwa nimeiona,
imejificha humo siku zote
kama kiazi kwenye jivu.

Kwetu neno peke halitoki nyumbani bila mtu.
Sema peke, ukomee hapo: mdomo unabaki wazi,
msikilizaji anakungoja. Peke ya nani?
Hata mkiwa hupewa hiyo "yake" aishike,
kama fimbo ya kuvukia tope.

Jioni nikasahihisha madaftari, soksi jozi mbili miguuni.
Zoezi: tunga sentensi kwa neno hilo.
Wengi walikuwa na ng'ombe aliye peke yake zizini,
ng'ombe yuleyule, wamenakiliana.
Kisha daftari la Jeska Tweve, jalada la gazeti,
linanuka moshi wa mianzi.
Kaandika, kwa Kiingereza kilichopinda,
kwamba yeye na Imani, mdogo wake, wako peke yao
tangu bibi alipozikwa,
na usiku wanahesabiana meno
mpaka mmoja apate usingizi.

Nilikwisha kuweka kosa. Nyekundu.
Wawili hawawezi kuwa — nilikuwa naandika pembeni —
nikaishia hapo.

Bati likagonga.
Nikatafuta kifutio; wino haufutiki.
Mkia mmoja wa lile kosa nikaurefusha,
nikaukoleza, nikaukoleza tena,
likawa vema lenye uvimbe, baya kulitazama.
Kesho atauliza: mwalimu,
hii ni alama gani?

Jikoni, viazi vya watu wawili
vilikuwa vimekauka maji.