Matundu Mawili

Kila Julai, kabla ya siku ya Mashujaa,
Koplo Singano huniletea koti
barabara ya kumi na mbili, Ngamiani,
kalifunga kwa gazeti kama ng'onda.
"Fundi," huniambia, "yale yale."

Yale yale ni matundu mawili upande wa kushoto,
pachomwapo pini ya nishani
mwaka baada ya mwaka, hata kitambaa kimechoka.
Nishani ni nzito kuliko ionekanavyo jukwaani.
Nimewahi kuipima kiganjani:
kama funguo za nyumba kubwa
ambayo mwenyewe hayumo.

Naziba. Uzi wa kijani, sindano nyembamba.
Yeye huketi kigodani, fimbo mapajani,
habari za vita hazigusi. Huuliza bei ya vifungo.
Hulilaumu goti, na mkaa, na mjukuu
anayetaka kumpiga picha na nishani
awarushie wenzake.

Mwaka huu cherehani ilikatika mkanda.
Nikashona kwa mkono, na kimya kikawa kirefu.
Ndipo akasema, bila kunitazama:

"Husoma kwamba nilirudi ng'ambo ya mto mara tatu,
nikabeba watu watatu.
Kweli. Mgongo wangu shahidi.
Lakini mara ya nne sikwenda, fundi.
Hiyo haikuandikwa.
Wa nne alikuwa Lukindo, wa Mlalo,
aliyekuwa akinikatia sabuni yake nusu.
Aliniita kwa jina la nyumbani."

Sindano ikanichoma. Sikusema kitu.
Nje baiskeli zilipita, kengele juu ya kengele.

Nikaligeuza koti, nyuma ya matundu
nikatia mfuko mdogo ambao hakuuagiza,
wa kutosha kipande cha sabuni, basi.
Akaupapasa kwa kidole gumba.
Akalipa bei ya matundu.
Ya mfuko sikudai.

Tarehe ishirini na tano, Mkwakwani,
jina lake lilisomwa kwenye kipaza sauti,
likakosewa, likarudiwa.
Tukasimama.
Jua, tarumbeta za bendi, viti vya plastiki.
Akapiga saluti, vidole vikitetemeka,
na mkono uliposhuka haukushuka moja kwa moja:
ulipitia kifuani,
si juu ya nishani,
bali chini yake, ndani ya koti,
ukakaa hapo kidogo kuliko taratibu inavyoruhusu.
Hapana, zaidi. Ukakaa zaidi.

Alipopita mbele yangu kufuata kivuli
nikanusa sabuni ya mche.