Lango Kavu

Ukisimama mlangoni kwetu alfajiri,
kabla moshi wa samadi haujapanda,
utaona kilima kimekatwa katikati kama mkate:
kuta mbili, na sakafu ya nyasi.
Hapana tone la maji humo.
Hupita upepo, na kondoo wa Jyparkul,
na kila mgeni huuliza: nani alichimba?

Mto wenyewe uko huku chini.
Unashuka kutoka kwenye barafu kichwa mbele,
kama mtu anayekwenda kudai deni lake.
Ukifika mguuni mwa kilima, unasita,
unakata kona kushoto,
unauambaa ukuta kilomita kumi na moja,
kipofu anayepapasa mlango,
hadi pale kijito kimoja chenye meno
kiliwahi kutoboa.
Maji hufuata mkondo, watu husema,
wakamaliza.
Hawaulizi mkondo humfuata nani.

Baba yangu Sagynaly alichimba mfereji
mwaka wa sabini na mbili, kwa amri ya shamba la serikali.
Saruji, kamba, na pimamaji ya mbao
aliyoifuta kwa mkono wa koti kabla ya kuilaza.
Kila theluji ilipoyeyuka mfereji ulipasuka palepale,
hatua arobaini kutoka kwenye mtofaa,
upande mmoja umeinuka upana wa kidole.
Akaziba. Ukapasuka.
Akaziba.
Mwaka wa tatu wakaliandika jina lake
kwenye ubao wa ofisi: mzembe, mwizi wa saruji.
Mshahara wa miezi minne ukakatwa.
Mama akauza cherehani.
Baba hakujitetea. Usiku alitoka na taa,
akailaza pimamaji juu ya ukingo,
akakitazama kile kiputo
kikikataa kukaa katikati.

Alipokwisha kufa, tena zamani,
akaja msichana wa mjini, Aizirek,
nyundo kiunoni, buti za kiume.
Akachimba handaki kwenye shina la kilima,
akaniita nishuke.
Kwa ncha ya kisu akafuata tabaka la changarawe:
linakwenda, linakwenda, linakatika,
linaanza tena juu zaidi,
kimo cha mtoto wa miaka sita.
"Ardhi ya kusini inasukumwa," akasema,
"inapanda mgongo wa mwenzake,
unywele kwa unywele,
halafu siku moja tetemeko, na mita nzima."
Kilima hiki ni kichanga, akasema. Hakikuwepo.
Mto ulipita pale juu, ukiendelea kaskazini,
nacho kikaanza kuinuka chini ya tumbo lake.
Mto ukakata, kilima kikainuka,
mto ukakata,
miaka ambayo sina vidole vya kuihesabia.
Kisha zikaja baridi za theluji haba,
mto ukachelewa kidogo, mara moja tu.
Ilitosha.

"Na mfereji?" nikauliza.
Akahesabu hatua kutoka kwenye mtofaa,
akasimama kwenye thelathini na nane.
Miguu yake mirefu kuliko ya baba.

Nikampa bakuli la maziwa ya farasi.
Akanywa akikunja uso, akashukuru.

Jioni nikapanda hadi kwenye lango kavu.
Nyasini mle kuna mawe ya duara, laini,
mawe ya mtoni yasiyo na mto,
nimeyakanyaga tangu utotoni
nikiyadhania mawe tu.
Nikachukua moja, nikaliweka kaburini,
na kando yake pimamaji.
Kiputo kikaenda kaskazini.
Nikakiacha kiende.

Ule ubao sasa ni mlango
wa banda la kuku la Mambetkul.
Nimekwenda kuutazama: rangi imebanduka,
ila herufi tatu za mwanzo zinasomeka bado.
Nikamwambia aniuzie.
Anataka kondoo wawili.
Nimempa mmoja.
Bado tunabishana.