Kipimo cha Ufito

Tulifika Nachingwea kwa sabuni.
Kipande kizima cha mche, kimekandwa kwa mate na vumbi la Kilimarondo,
kikabandikwa chini ya tangi, pale difu lilipopiga.
Njia nzima: tone, povu, tone,
hadi kwa Fundi Likwata, nyuma ya ghala la salfa.

Akaingia uvunguni, akakaa huko
muda wa chai kuchemka na kupoa.
Kandambili tu zinaonekana, kila moja na rangi yake.
Kisha sauti: "Mama Zuhura, nani aliliinua hili gari?"

Nikasema Nambole. Marehemu.
Springi za lori, ekseli kaisogeza nyuma,
ekzosi kaipandisha hadi usawa wa paa
ili Mbwemkuru ukijaa tuvuke tukiwa bado tunapiga kelele.
"Basi alihamisha kila kitu," akasema,
"tangi akalisahau nyumbani."

Siku tatu nikachagua.

Binamu yangu Mkwenda akaleta pipa la bluu, la plastiki.
Bado lilinuka uraka wa mabibo.
Nikamwambia gari langu halinywi.

Dar wakapiga simu: lipo tangi halisi, Gerezani, laki nne,
matundu yote sawasawa na kiwandani.
Likwata akacheka kwa pua.
"Sawasawa na gari lipi? Hili lako
lilishaacha kuwa lile."

Halafu lile la Fuso.
Alumini, lita mia mbili, linang'aa kama sufuria ya harusi.
Hilo nililitamani, sitadanganya.
Nililigonga kwa kifundo cha kidole, likaitika.
Kwenda Liwale, kurudi, kwenda tena,
nisimwamshe mtu usiku kuniuzia dizeli ya chupa!
Lakini likijaa, akasema fundi,
ni wanaume watatu wamening'inia ubavu mmoja,
na visiki vya njia ile havina adabu.

Akafuta mikono, akaniuliza:
"Unataka kufika wapi bila kusimama?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
Nikahesabu kwa sauti: Liwale na salfa,
kurudi na korosho, foleni ya mnadani,
na siku moja ya kupotea.
"Ya kupotea nayo tuiweke?"
Hiyo haikosekani.
"Themanini na tano," akaandika kwa chaki kwenye tairi.

Akakata maboksi, akayaunga, akayaingiza uvunguni, akayatoa, akayakata tena,
mpaka likatokea umbo lisilo na jina,
limebonyea kiuno upande wa difu
kama mtu anayepishana na ng'ombe mlangoni.
Bati la milimita mbili. Ndani, kuta tatu zenye matundu,
kwani mafuta yasiyo na ukuta, alisema,
mlimani yanakuwa kama wakulima siku ya malipo:
wote dirisha moja.
Chini akaweka ngao, chuma cha jembe la trekta,
watu wanasema la enzi za karanga.
Nani anajua. Zito lilikuwa zito.

Lile bovu alilijaza maji kwanza, ndipo akalikata.
Likatoka tope jekundu, magamba ya kutu,
na gunzi la hindi, limevimba:
kifuniko cha Nambole,
alichoniapia kimeanguka njiani, Ruponda,
tukagombana hadi Liwale.
Nikalianika juu ya boneti.
Sikulia. Lilinuka dizeli tu.

Geji sasa inafanya kazi.
Miaka sita mshale ulilala kwenye nusu,
nasi tukazoea kuishi nusu.
Leo unapanda, unashuka, unajifanya unajua.

Asubuhi, kituo cha mafuta. Risiti mkononi.
Geji inasema: pomoni.
Nachomoa ufito nyuma ya kiti, nauchovya, nauinua juani.
Umelowa hadi alama ya kisu chake,
na vidole vinne zaidi.