Bila Kutia Chuku

Kilitoka Ntusi, kwenye kilima cha majivu na samadi,
mraba wa saba, kina cha mkono hadi kiwiko:
chuma, urefu wa kidole cha shahada,
ncha moja bapa, ncha ya pili imepinda
kama mtu aliyesikia jina lake nyuma.

Daftari la kwanza liliandika: *pini ya nywele.*
Mtu mwingine, kwa penseli: *mshale wa kutoboa ng'ombe?*
Mimi nilitaka kiwe kijiko cha nta ya sikio.
Kila mmoja alikiona kilichokuwa kichwani mwake.

Kyomugasho hakucheka. Alifuta kioo cha hadubini,
akasema, "Tuache kukiuliza jina. Tukiulize kazi."

Tukamwendea Rwabugyengo, mhunzi wa Lwemiyaga,
akatufulia vyuma vitatu, pacha wa yule mzee.
Kimoja kililala nywelani mwa binti yake siku arobaini.
Kimoja kikakwangua kucha zetu sote, hata za dereva.
Cha tatu kikachanja ngozi mbichi ya mbuzi,
kidogo, kidogo, mara mia sita,
mpaka kiganja changu kikaota sugu.

Nywele huacha mng'aro laini, pande zote.
Kucha huacha vurugu, kama kuku waliopekua uwanja.
Ngozi huacha mistari mifupi, upande mmoja tu,
yote ikiinamia mkono unaovuta.

Tukakirudisha cha Ntusi chini ya kioo.
Mistari mifupi. Upande mmoja.
Na penye mpindo, ndani ya kutu, doa jeusi
ambalo maabara ya Kampala ilisema ni damu;
ya mtu au ya ndama, ikanyamaza.

Ningeweza kusema: mganga, pembe,
mgonjwa ameinama, kichwa kinamgonga.
Mama yangu ana chale mbili kwenye kila panja.
Nilizipima kwa rula alipolala.
Urefu uleule.
Nikaona haya, nikaificha rula.

Pembe ya kuumikia ndiyo chuku:
huivuta ngozi ikavimba kupita kiasi chake.
Na anayeivimbisha habari, tunamwambia vivyo hivyo.

Nikachukua lebo mpya, nikaandika:
*Kilichanja. Kilinolewa mara nyingi.
Aliyekishika, huenda alitumia mkono wa kushoto.*

Kyomugasho akaweka kidole penye nafasi iliyobaki.
"Na hapa?"

Hapo palikuwa na mtu aliyeuma meno.
Paache wazi.