Mgeni wa Jumamosi ya Tisa

Sheria aliziandika Nagaveni nyuma ya risiti ya dobi:
kila Jumamosi mlango mpya;
mlo usizidi rupia themanini;
marufuku kurudi tulikokwisha kula
mpaka mji mzima wa Dharwad utuishie.

Mji wenyewe ni vyuo na mvua.
Mvua ya Julai hapa hainyeshi, inakaa,
kama karani aliyepata kiti,
na sisi watatu chini ya miavuli miwili
tunafuata harufu.

Tumekula kwa mzee Gurusidda, karibu na stesheni,
idli nne, na mchuzi unamiminwa kwa ndoo:
ukimwambia basi, yeye husikia bado.
Tumekula nyuma ya maktaba wali wa ndimu uliopoa,
Irappa akausifu, maana ndiye aliyeuchagua.
Tumekula kwenye karakana ya baiskeli.
Naam, karakana: fundi anaziba pancha upande huu,
mkewe anakaanga bhajia za pilipili upande ule,
na mafuta, aliapa Nagaveni, yalikuwa ya chupa moja.
Aliugua peke yake.
Akatoa alama saba kwa kumi.

Jumamosi ya tisa, zamu ya Irappa.
Amepasikia, asema, kwa kijana wa jiografia:
kichochoro nyuma ya stendi, hakuna kibao,
ngazi tatu kwenda chini, viatu nje.

Nilizijua ngazi zile.
Ya pili imemeguka ukingo.
Niliiruka bila kuangalia,
kisha nikaomba asiwe ameniona mtu.

Kwa maana tangu Mei, kiwanda cha nyuzi kilipofungwa
na bahasha ya baba ikaacha kuja,
nashuka hapa saa mbili na nusu usiku,
wenzangu wakidhani nasoma kemia,
nakula kwa neno "kesho".
Mallavva ana daftari la jalada jekundu.
Humo nina ukurasa wangu, pande zote mbili.
Kukopa harusi, wanasema;
hawakusema kama ni harusi ya mtu mmoja
anayekula ameupa mlango mgongo.

Tukaketi. Sakafu baridi, sinia za bati.
Jikoni viganja vinaupiga unga wa mtama,
pa-pa, pa-pa,
mkate unatanuka mpaka unakaribia kuonyesha mwanga.
Akatoka na kikapu. Akanitazama.
Akaitazama miavuli, akawatazama wale wawili,
akanirudia mimi.
"Mgeni," akaniuliza, "pilipili yetu utaiweza?"

Nikasema nitajaribu.

Akagawa: mikate miwili miwili,
biringani zilizoshiba karanga na ufuta,
dengu, maziwa mgando, chatini nyekundu,
na kitunguu kibichi pembeni.
Wao walipata kitunguu.
Mimi sikupata.
Sili kitunguu kibichi,
na sikuwa nimemwambia mtu.

Irappa hakuona kitu, alikuwa kinywani.
"Tisa! Hapana, tisa na nusu!"
Nagaveni aliitazama sinia yake,
akaitazama yangu,
akamega mkate polepole
akaniuliza habari za mtihani.

Rupia sabini kila mtu. Sabini zangu zilikuwapo,
nilizibana tangu Jumatatu kwa kutokunywa chai.
Mallavva akazipokea, akalifungua lile jekundu,
akaandika bila kuniuliza jina.
"Huwa naandika wageni," akawaambia wenzangu,
nao wakaona ni desturi nzuri.

Nje mvua bado imekaa kitini.
Nagaveni akaitoa risiti ya dobi, akaikunjua chini ya mwavuli.
"Hii sheria ya tatu," akasema, "wino umefutika.
Nani anakumbuka ilisemaje?"

Irappa alikumbuka. Akafungua mdomo.
Nikasikia mguu wake
ukikanyagwa.