Chini ya Kwapa

Nilikuwa na miaka kumi na minne
goti langu lilipogusa nyasi, kabla sijajua
kwamba miguu imekwisha niaga.
Gombosuren, mtoto wa fundi pikipiki,
alisimama akinuka grisi na maziwa ya farasi,
akainua mkono wa kulia,
nami, kama desturi itakavyo,
nikainama, nikapita chini ya kwapa lake
mbele ya mama, mbele ya farasi, mbele ya wilaya nzima.

Mongolia mieleka haina mizani.
Kilo mia huweza kupangiwa kilo hamsini,
na hamsini hairuhusiwi kulalamika.

Mwalimu Tserenpil, daktari wa mifugo,
alikuwa amenishikia kofia. Pole hakunipa.
"Ulimtazama uso," akasema. "Uso hudanganya.
Sikiliza uzito. Mtu hajakusukuma bado
na kisigino chake kimeshasema."

Kiangazi kile niliangushwa mara kumi na tisa.
Nilioangusha mimi, sikumbuki hesabu.

Leo nina meza, muhuri, simu mbili,
na wilaya ya watu elfu mbili na ushei.
Barafu imefunika malisho, ngumu kama sahani;
kondoo wanaparura hadi kwato zinatoka damu.
Niliomba malori kumi na moja ya nyasi kavu.
Yamekuja matatu.

Badmaarag aliingia bila kubisha.
Akapiga meza, chai ikaruka juu ya faili.
"Mwizi! Lori la pili limekwenda kwa shemeji yako!"
Karani akanyanyuka kuita polisi.
Nikamzuia kwa kidole,
hiki kilichovunjika, kisichonyooka tena.
Sikutazama uso.
Nilitazama buti: la kushoto limebeba mwili wote,
la kulia linatetema.
Huyu hasukumi, nikajua. Huyu anaanguka.

"Wamebaki wangapi?"
Kimya. Kisha akakaa, kiti kikalia.
"Kumi na wawili."
"Kati ya?"
"Mia nne."

Nikafungua daftari la malori, nikafuata mstari kwa kidole kibovu.
Lori la pili: bonde la kusini.
Dereva alifuata njia iliyokuwa wazi,
na njia iliyokuwa wazi inaishia mlangoni kwa shemeji yangu.
Sikuiba. Sikuangalia pia.
Goti lilikuwa chini siku nne
na mimi bado nimesimama, najiona.

Nikazunguka meza.
"Una haki," nikamwambia, na sikuongeza neno.
Naye, aliyewahi kushindana, zamani, kule kaskazini,
alinitazama kama mtu aliyesahau wimbo akakumbuka kiitikio.
Mkono wake wa kulia ukapanda, mzito,
koti likinuka moshi na manyoya ya mizoga.

Nikainama, na umri huu, na mgongo huu.
Karani akageukia dirisha.

Usiku ule tuliondoka na makoleo, watu tisa,
kwenda kuifungua njia ya kaskazini.
Badmaarag alikaa mbele, karibu na dereva.
Hakunishukuru. Wala mimi sikungoja.