Swali la Paa

Fomu haikuuliza kama tumekula.
Iliuliza paa.
Makuti, mabati, vigae: chagua moja.
Nikachagua mabati, maana ni mabati,
nami ndiye niliyeyahesabu yakishushwa mkokotenini,
ishirini na sita, geji ndogo kabisa,
ile ambayo paka akipita juu nyumba nzima inajua.

Pesa zilikuwa za chama. Kura ilinitupa mwisho,
nikangoja miezi kumi na minne.
Thoya alikuwa kidato cha tatu, daftari chini ya karai,
kwa kuwa kuti likizeeka halivuji, linamwaga.
Nikasema, mtoto huyu asome pakavu.
Asome pakavu, apite.
Akapita.

Sasa mtambo wa Nairobi umetujumlisha.
Paa la bati, alama.
Umeme, alama: taa moja, waya wa kuvuta kwa Mama Dzame.
Simu yenye kioo, alama,
na bila simu hiyo fomu hujazi.
Jibu likaja saa nane usiku, saa ambayo mtandao ni mwepesi:
*Kaya yenu ina uwezo wa wastani.
Kundi la nne. Kaya itachangia.*

Wastani. Nililisoma mara tatu.
Neno zuri, kama leso ya kuazima
unayoendea nayo harusini.

Kule Kasuarina ninakotandika vitanda
paa ni makuti.
Mapya, yamefumwa mara mbili, yamepuliziwa dawa ya moto,
na mwenye nyumba huja wiki tatu kwa mwaka
kutuuliza mbona bwawa lina jani.
Nikawaza, nikiliokota lile jani:
huyu akijaza fomu, kundi la kwanza.
Atasomeshwa mpaka udaktari.

Nikamhadithia Thoya. Akacheka, kisha hakucheka.
"Dada, tuyang'oe?"

Rufaa inataka karatasi.
Chifu athibitishe umaskini, Jumanne na Alhamisi tu,
na muhuri una wino, na wino una bei.
Cheti cha kifo cha baba.
Baba hakufa, alikwenda Voi kuuza machungwa.
Fomu ina *hai*, fomu ina *marehemu*,
haina *alisema atarudi Jumamosi*.
Wadhamini wawili wenye vitambulisho.
Mjomba Mwaringa akasema jina lake
alilikopesha kwa pikipiki ya mtu
na halijarudi bado.

Kijana wa saiba pale Maweni akaninong'oneza:
rudi nyuma, bonyeza makuti.
Nani atakuja kutazama?
Shilingi mia mbili, pamoja na kuskani.

Usiku huo ikanyesha, ile mvua isiyopiga hodi.
Ikafoka juu ya bati, hatukusikizana.
Mama, kwa mazoea, akaamka na karai lake
akasimama nalo katikati ya chumba
akitafuta pa kulitega.
Hakupaona.
Akaligeuza, akalikalia kama kigoda,
akasinzia hapo hapo.

Asubuhi sikubonyeza makuti.
Si kwamba mimi mwema sana; mia mbili nilikuwa nayo mkononi.
Ila lile bati nimelilipia,
na kulikana mbele ya mtambo
niliona ni kama kumkana mtu.

Mwisho wa fomu kuna kisanduku. *Maelezo mengine,
herufi zisizidi mia mbili.*
Niliandika, nikafuta, nikaandika:

*Paa ni bati. Nililinunua ili asome.
Amesoma. Njooni mvua ikinyesha mtazame
pakavu palivyo, na palivyo patupu.*

Zilibaki herufi tisini na moja.
Nikaongeza namba ya simu,
ile yenye kioo,
nikatuma.